SHAURI KWA WAKULIMA WA RUFIJI NA KIBITI: KAZI YA VIJANA KATIKA KURUDISHA MIKOKO



Karatasi hii yaandikwa kwa ajili yako wewe ulimaye mpunga katika delta ya Rufiji, na kwa wazee wa vijiji wapendao kuwaongoza vijana katika kazi ya manufaa. Mara nyingi watoto wa shule, skauti au vijana wa kijiji huitwa siku moja kupanda mikoko. Hupanda kwa furaha, huimba, kisha hurudi makwao. Na baada ya mwaka mmoja au miwili mahali pale huonekana tope tupu kama kwanza. Si uvivu wa vijana ulioipoteza kazi hiyo, bali ni kwa kuwa waliowaita hawakufanya shauri kabla ya kushika mbegu.

FAIDA YA MIKOKO

Mikoko ya Rufiji ndiyo msitu mkubwa wa namna yake katika Afrika Mashariki, nao wapata hekta 50,000 kwa kadiri. Kamba wadogo na samaki wengi hukulia kati ya mizizi yake. Boriti zake zilisafirishwa na majahazi mpaka Arabuni tangu zamani. Mizizi hushika tope, nayo miti hupunguza nguvu ya mawimbi kabla hayajafika nchi kavu. Lakini haifai kuwaambia vijana ya kuwa mikoko huzuia kila maji. Mafuriko ya Aprili 2024, yaliyoharibu mashamba na nyumba katika Rufiji na Kibiti, yalitoka juu kwa njia ya mto, na mafuriko ya namna hiyo hayazuiwi na mikoko.

Wewe nawe wajua ya kuwa mashamba mengi ya mpunga katika delta yalifyekwa katika msitu huo. Shamba huzaa vema miaka michache, kisha magugu huzidi, kaa hukata miche, na mwenye shamba huhama. Shamba lililoachwa namna hii ndilo mahali pa kwanza pa kuwapeleka vijana. Shamba linalolimwa, waliache.

SHAURI LA KWANZA: ULIZA MWENYEWE NI NANI

Mikoko ya Rufiji iliwekwa kuwa hifadhi ya Serikali tangu zamani za Wadachi, mwaka 1898, na hata sasa haikatwi bila kibali. Kwa hiyo, kabla ya kazi, watakiwa kuonana na serikali ya kijiji na ofisa wa Wakala wa Huduma za Misitu. Kisha muite kila mtu aliyepata kulima mahali pale, hata kama amehamia kisiwa kingine. Msimamishe mpakani, akubali mbele ya mashahidi, na maneno yake yaandikwe. Mtu akiona miti yapandwa katika shamba lake bila kuulizwa, ataing'oa usiku. Na vijana watakuwa wamefundishwa ugomvi mahali pa utunzaji.

SHAURI LA PILI: KWA NINI MITI HAIKURUDI YENYEWE?

Hili ndilo swali kubwa kuliko yote. Mikoko hudondosha mbegu nyingi, na maji huzichukua mpaka kila mahali. Ikiwa miti haikurudi, iko sababu. Nenda na vijana wachache wakati wa maji kujaa na wakati wa maji kupwa, mkatazame.

Ikiwa tuta la zamani la shamba au magogo yameziba mfereji, maji ya bahari hayaingii. Hapo kazi ya vijana ni majembe: wafungue mfereji, maji yapite, na mbegu zitakuja zenyewe.

Ikiwa magugu na mitambaazi imefunika ardhi, tazama chini yake. Mara nyingi mtaona miche michanga inasongwa. Hapo kazi ni panga na uangalifu: wafyeke magugu na kuiacha miche.

Ikiwa maji yaingia vizuri, ardhi i wazi, wala hakuna miti mikubwa karibu ya kutoa mbegu, hapo ndipo pa kupanda.

Na ikiwa ni tope la mbele kabisa lisilopata kuota miti hata wakati wa babu zenu, msipande. Baada ya mawimbi ya tsunami ya Desemba 2004, watu wa Sri Lanka walipanda mikoko mahali pengi. Sehemu kubwa ilikufa, maana mingi ilitiwa mahali pasipofaa na haikutunzwa.

MBEGU

Mtazame mti unaoota jirani, mpande wa jinsi ile ile. Mlilana hupenda mbele penye maji mengi. Mkoko hufuata nyuma yake. Mkandaa hukaa juu zaidi. Mchu huonekana mbele na nyuma pia, lakini mbegu yake ni ndogo, yafaa kuoteshwa kitaluni kwanza.

Mbegu ya mkoko ni ndefu kama fimbo fupi. Iliyokomaa huonyesha pete ya manjano chini ya tunda, nayo huachia kwa urahisi. Zitupeni zilizotobolewa na wadudu na zilizovunjika ncha. Ziwekwe kivulini, zifunikwe kwa magunia mabichi, wala zisikae siku nyingi. Wakati wa kupanda, theluthi moja ya mbegu iingie katika tope, ncha kali ikiwa chini.

Msichume kupita haja. Kiwanja cha mita 20 kwa mita 20, kikipandwa kwa nafasi ya mita 2 kila upande, chataka mbegu 100. Chukueni 120, yatosha.

SIKU YA KAZI

Usiwaite vijana wakati wa kupandikiza au wa kuvuna mpunga, wala wakati wanapokaa katika madungu kulinda ndege. Chagua siku za bamvua, yaani mwezi uandamapo au uwapo mpevu. Katika pwani yetu siku hizo maji hupwa mnamo saa nne asubuhi. Ndani ya mito hukawia zaidi, nanyi wenyeji mwajua saa yake. Katika siku za maji mafu tope halionekani vya kutosha.

Vijana 20 wanatosha kwa kiwanja kimoja. Wanne washike kamba yenye mafundo ya kuonyesha nafasi, wanne wachukue mbegu, kumi wapande, na wawili waandike hesabu. Mzee mmoja asipande kitu: kazi yake ni kutazama maji, mamba na viboko, na kuhesabu watoto wakati wa kuingia na kutoka. Mtumbwi usipakiwe kupita kiasi. Maji ya kunywa na uji viwe tayari, na wote watoke topeni kabla maji hayajarudi.

BAADA YA KUPANDA

Siku ya kupanda ni mwanzo tu. Vijana wale wale warudi baada ya mwezi 1, miezi 3, miezi 6 na mwaka, wahesabu miche iliyo hai na kuandika katika daftari linalotunzwa shuleni au katika ofisi ya kijiji. Ikiwa zaidi ya nusu imekufa, msijazie mara moja. Tafuteni kwanza kama ni kaa, magugu, mbuzi au maji. Shule ikitumika, darasa linaloondoka likabidhi daftari na kiwanja kwa darasa linalofuata. Vilabu vya Malihai, vilivyoanzishwa Tanzania mwaka 1980, vyafaa sana kwa kazi hii, kwa kuwa klabu hubaki hata wanafunzi wakimaliza shule.

Yafaa pia kuwaeleza habari za Gazi, katika Kwale ya Kenya. Wenyeji wa huko walianza mwaka 2013 shirika liitwalo Mikoko Pamoja. Hulinda hekta 117 za msitu, na kwa kulinda huko hupata fedha za hewa ya ukaa, ambazo zimesaidia maji na shule za vijiji vyao. Sehemu kubwa ya faida yao yatoka katika kulinda miti iliyosimama tayari.

KUMBUKA

Pata ruhusa ya Serikali na ya mkulima. Tafuta sababu ya miti kutorudi. Fungua maji na ondoa magugu kabla ya kufikiri mbegu. Panda kidogo. Hesabu mwaka mzima.

Ikiwa unalo shamba uliloliacha, na hutaki tena kulilima, mwambie mwenyekiti wa kijiji chako kabla ya bamvua ijayo, uende pamoja na vijana wawili au watatu kutazama jinsi maji yanavyoingia.