Nyota wa Vikapu na Jicho la Pete

Usiku wa kuamkia Jumatatu, tarehe 16 Februari 2026, saa ambayo malori ya Malaba yatakuwa yamezimwa injini yakingoja zamu ya kuvuka mpaka, na wachuuzi wa Busia wamekwisha kufunika bidhaa zao kwa maturubai, mji wa Los Angeles utakuwa katika alasiri ya Jumapili, maana mji ule uko nyuma yetu kwa saa 11. Na ndani ya ukumbi wa Intuit Dome, uliofunguliwa mwaka 2024 kuwa maskani ya klabu ya Clippers, wachezaji walioteuliwa kuwa bora katika ligi ya NBA watakusanyika kwa mchezo wa 75 wa nyota wote. Sherehe yenyewe huanza Ijumaa kwa mchezo wa vijana chipukizi, ikapita Jumamosi kwa mashindano ya ustadi wa mtu mmoja mmoja, hata ikafika Jumapili kwa mchezo mkubwa. Vijana wanaojifunza mpira wa vikapu katika shule za Funyula, Nambale na Amagoro huniuliza kila mwaka wakeshe usiku upi, nami jawabu langu halibadiliki: mwenye wasaa wa usiku mmoja tu na akeshe ule wa Jumamosi, na katika usiku huo macho yake yote ayaweke juu ya wanaolenga, si juu ya wanaoruka.

Kabla sijaeleza sababu, yafaa msomaji ajue sherehe hii ilitoka wapi. Mchezo wa kwanza ulichezwa mjini Boston tarehe 2 Machi 1951, wakati ligi ile ilipokuwa changa na mpira wa vikapu wa vyuo vya Marekani ulipokuwa umefedheheka kwa kashfa ya wachezaji waliopokea rushwa ili kupotosha matokeo. Waliobuni shughuli hii walikuwa na muradi wa kuurudishia mchezo heshima yake mbele ya hadhira, wakawagawa wachezaji bora mafungu mawili, Mashariki na Magharibi; Mashariki wakashinda kwa 111 dhidi ya 94, na Ed Macauley wa Boston akatajwa kuwa mchezaji bora wa siku hiyo. Mgawanyo ule wa Mashariki na Magharibi ulidumu miaka mingi, na ndani yake yakatokea mambo ambayo mimi sitaki yasahauliwe.

Lililo kubwa kuliko yote, kwa maoni yangu, ni la tarehe 9 Februari 1992, mjini Orlando. Miezi mitatu kabla ya siku hiyo, Novemba 1991, Magic Johnson wa Los Angeles Lakers alikuwa ameutangazia ulimwengu kwamba ana virusi vya UKIMWI, akastaafu papo hapo. Lakini watazamaji waliendelea kumpigia kura, naye akaja kucheza. Wako wachezaji walioingiwa na hofu ya kugusana naye uwanjani, na hofu hiyo hawakuificha. Akacheza, akafunga pointi 25, akatoa pasi za mwisho 9, na katika sekunde za kumalizia akatupa mpira wa pointi tatu ukaingia. Hapo wachezaji wa pande zote mbili wakamwendea kumkumbatia, na mchezo ukaishia hapo, ingawa saa ilikuwa bado na sekunde 14. Sisi wa miji ya mpakani, tuliokuwa katika barabara kuu ya malori miaka ileile, na tuliowazika jamaa zetu huku majirani wakiogopa hata kushika kikombe alichonywea mgonjwa, tunajua kumbatio lile lilikuwa na uzito gani. Katika uwanja uleule, upande uleule wa Magharibi, alikuwapo kijana wa Kinshasa aliyekuwa katika mwaka wake wa kwanza wa ligi, Dikembe Mutombo, ambaye baadaye aliitwa katika mchezo huu jumla ya mara nane, na aliyeaga dunia tarehe 30 Septemba 2024.

Tangu siku zile, mchezo wa Jumapili umepungukiwa na bidii. Wachezaji huogopa kuumia katikati ya msimu wenye michezo 82, na hofu hiyo siilaumu. Lakini matokeo yake ni kwamba hakuna anayemkaba mwenzake. Mwaka 2024, mjini Indianapolis, Mashariki waliwafunga Magharibi 211 kwa 186, ilhali katika mchezo wa kawaida timu hupata takriban pointi 115. Mpira unaopita bila kuzuiliwa haumfundishi mtazamaji kitu, kwa sababu ustadi wa mshambuliaji hudhihirika pale tu anapokabiliwa na ustadi wa mlinzi. Wenye ligi wameujua udhaifu huo, wakajaribu dawa mbalimbali, na dawa ya mwaka huu ni mpya: zitakuwapo timu tatu, mbili za Wamarekani na moja ya Dunia, zitakazochuana kwa zamu katika michezo mifupi ya dakika 12, na mbili zilizo bora zikutane katika fainali. Wale 10 wa kwanza huchaguliwa kwa kura, nusu ya uzito ikiwa ya watazamaji, robo ya wachezaji na robo ya waandishi wa habari, na 14 waliobaki huchaguliwa na makocha.

Timu hiyo ya Dunia haikuundwa kwa adabu ya kuwakaribisha wageni. Tangu mwaka 2019 tuzo ya mchezaji bora wa msimu haijatwaliwa na mzaliwa wa Marekani hata mara moja: Giannis Antetokounmpo wa Ugiriki, mwana wa wazazi wa Kinigeria, aliichukua mara mbili, Nikola Jokić wa Serbia mara tatu, Joel Embiid, mzaliwa wa Yaoundé, mara moja, na mwaka 2025 ikamwendea Shai Gilgeous-Alexander wa Kanada. Victor Wembanyama, Mfaransa ambaye watu wengi humtarajia kuirithi, ana baba mwenye asili ya Kongo. Kwa hiyo mgeni na mwenyeji watapigania jambo la kweli, na huenda ghera hiyo ikaurudishia mchezo wa Jumapili sehemu ya uhai wake. Natumaini hivyo kwa moyo wote.

Sasa tuje kwenye Jumamosi. Shindano linalopendwa na wengi ni lile la kutumbukiza, ambalo vijana wetu huliita danki. Lilizaliwa mwaka 1976 mjini Denver katika ligi nyingine, ABA, ambako Julius Erving aliruka kutoka kwenye mstari wa mitupo huru, na NBA ikaliingiza katika sherehe zake mwaka 1984, katika mji uleule wa Denver. Waamuzi watano hutoa alama, na ukamilifu ni 50. Lina mapambo yake: mwaka 1986 Spud Webb, mtu wa kimo cha takriban sentimita 170, aliwashinda warefu wote, na Mac McClung, mwenye sentimita 188 tu, akashinda miaka mitatu mfululizo, 2023, 2024 na 2025. Mwenye macho asiitazame mikono ya mrukaji, autazame mguu wa mwisho anaoukanyaga kabla ya kuondoka ardhini, maana hapo ndipo mbio za mbele hugeuzwa kuwa mwinuko wa juu. Lakini hata hivyo hukumu yake hutegemea ladha ya waamuzi watano, na kipawa chenyewe ni cha goti na cha ujana. Kijana wa miaka 20 aliyenyimwa mruko huo hataupata kwa kuutazama.

Kulenga kuna tabia nyingine kabisa. Shindano la pointi tatu lilianza mwaka 1986, na Larry Bird wa Boston akalishinda mara tatu za mwanzo, ile ya 1988 bila hata kuvua koti lake la kupashia mwili. Kanuni zake ni hizi. Pembezoni mwa mstari wa pointi tatu huwekwa vichanja vitano, kila kimoja na mipira mitano, na mahali pengine pawili, mbali zaidi ya mstari, huwekwa mpira mmoja mmoja. Jumla mipira 27, nayo hutupwa yote ndani ya sekunde 70. Mpira wa kawaida ni alama moja. Mpira wa mwisho wa kila kichanja una rangi za pekee na thamani ya alama mbili. Kichanja kimoja, anachokichagua mlengaji mwenyewe, kina mipira ya rangi mitupu. Na ile miwili ya mbali ni alama tatu kila mmoja. Mtu asiyekosa hata mara moja angepata 40, na hajatokea bado. Stephen Curry alipata 31 katika mzunguko mmoja mwaka 2021, na Craig Hodges, mwaka 1991, alitumbukiza mitupo 19 mfululizo bila kukosa.

Hesabu ya wakati ndiyo siri yake. Sekunde 70 kwa mipira 27 ni kama sekunde mbili na nusu kwa mmoja, na katika muda huo mtu hana budi kuinama, kuchukua mpira, kuinuka, kutupa, na kila baada ya mitano kukimbilia kichanja kingine. Wengi huanza vyema na kuharibikiwa kwenye kichanja cha nne, si kwa sababu mikono imesahau, bali kwa sababu mapaja yamechoka. Mtupo hutoka miguuni, na mguu uliochoka huutuma mpira chini na mbele ya pete. Kwa hiyo, msomaji, kichanja cha nne kikifika, tazama magoti: yakiwa bado yanakunjika kama yalivyokunjika mwanzo, mtu huyo ni wa kuogopwa.

Kuna na hesabu ya jicho la pete, ambayo naiona tamu kuliko zote. Kipenyo cha pete ni sentimita 45, na cha mpira ni takriban 24. Mpira unaoshuka wima kutoka juu huliona jicho lote la sentimita 45. Ukishuka kwa mshazari wa digrii 45, jicho hilo mbele yake hupungua likawa kama sentimita 32, na nafasi ingali ipo. Lakini ukija bapa, kwa digrii 30, jicho huwa sentimita 22 na nusu tu, nalo ni dogo kuliko mpira wenyewe, hata mpira huo hauwezi kupita bila kugonga chuma. Ndiyo maana mlengaji hodari huupeleka mpira juu sana, mpaka asiyejua hudhani amekosea. Hakuna kimo cha mtu wala unene wa misuli katika hesabu hiyo; ni elimu, na elimu husafiri bila kuulizwa pasipoti.

Nalisema hilo kwa sababu katika nchi zetu tumezoea kuamini kwamba vikapu ni mchezo wa warefu. Kweli, urefu hufungua milango: Hasheem Thabeet wa Dar es Salaam, mwenye sentimita 221, alichaguliwa wa pili katika uteuzi wa 2009, na hakuna Mtanzania aliyetangulia kuingia NBA kabla yake, na Khaman Maluach, mwana wa Sudan Kusini aliyekulia Kampala, mwendo wa kilomita 200 hivi kutoka Busia, aliyeichezea City Oilers ya Uganda mwaka 2024 katika ligi ya Afrika, alichaguliwa wa 10 mwaka 2025 akaingia Phoenix. Luol Deng, mzaliwa wa Wau, aliitwa mwenyewe katika mchezo wa nyota wote mwaka 2012 na 2013. Lakini mtupo mkubwa kuliko yote katika historia ya Kenya haukutoka kwa jitu. Februari 2021, mjini Yaoundé, Tylor Ongwae aliurusha mpira katika sekunde ya mwisho, Kenya ikaishinda Angola 74 kwa 73, na taifa likaenda AfroBasket ya Kigali baada ya kutokuwapo tangu 1993. Lile lilikuwa tunda la kulenga.

Katika shule moja niliyowahi kufundisha, kando ya barabara ya Malaba, pete ilikuwa imening'inizwa chini kuliko kipimo, na uwanjani hapakuwa na mstari wa pointi tatu. Vijana wakazoea kurukia kile walichokifikia, na walipokwenda kucheza ugenini mitupo yao yote iliishia njiani. Sikuyasahau machozi ya wale watoto ndani ya matatu ya kurudi. Muhula wa kwanza, ambao kwa miaka mingi ndio wa vikapu katika shule za Kenya, umekwisha kuanza, na sherehe ya Los Angeles inatukuta katikati yake. Nawasihi walimu wa michezo wa Busia, wa pande zote mbili za mpaka, wafanye jambo moja kabla ya Jumamosi hiyo: wapime pete yao, wachore mstari, wapange mipira kadiri waliyo nayo mahali patano, na wamhesabie kila mwanafunzi, mvulana kwa msichana, sekunde 70, kisha waandike alama zake daftarini na wampime tena mwisho wa muhula. Pete ni mita 3.05 kutoka ardhini, mstari wa kimataifa ni mita 6.75 kutoka chini ya kitovu cha pete, na kamba na chokaa vinauzwa sokoni Busia kila siku.