Injini Kubwa Si Hoja Pekee

Kando ya gereji moja mtaani Majengo, mjini Songea, baba mmoja na mkewe walikuwa wakishauriana. Akiba ya mahindi ya misimu mitatu ilikuwa mkononi, na magari mawili yaliyokwisha kutumika yalikuwa mbele yao. Baba alilipenda lenye injini ya sisi 3000, kwa kuwa lina mbio. Mama aliuliza neno moja tu: "Baba watoto, litadumu?"

Ndugu msomaji, swali hilo ndilo lililoamua mara nyingi mashindano ya magari ya Safari, yaliyoanzishwa mwaka 1953 na kupita Kenya, Uganda na Tanganyika. Mwaka 1963 yaliondoka magari 84. Yaliyofika mwisho yalikuwa 7 tu. La kwanza lilikuwa Peugeot 404, gari la kawaida la familia, lenye injini ya sisi 1600 hivi.

Mwaka 1973 Shekhar Mehta, katika Datsun 240Z ya sisi 2400, na Harry Källström, katika Datsun ya sisi 1800, walimaliza wakiwa na adhabu sawasawa. Mehta alipewa ushindi kwa kuwa alikwenda mbali zaidi kabla ya kupata adhabu. Mwaka uliofuata Joginder Singh, katika Mitsubishi Lancer ya sisi 1600, alimshinda Björn Waldegård aliyeendesha Porsche 911 yenye injini kubwa zaidi.

Sababu ni nini? Nguvu ya injini hupimwa pamoja na mzigo inaouvuta. Gari la kilo 1600 lenye nguvu za farasi 120 huipa kila nguvu moja kilo 13 na ushei. Gari la kilo 800 lenye nguvu 80 huipa kilo 10 tu. Kwa hiyo dogo ndilo litakalochomoka upesi. Isitoshe, uzito huchosha springi, breki na matairi, na hunywa petroli.

Hata hivyo, wepesi nao una mipaka. Mafundi wa Safari waliongeza uzito kwa makusudi: waliimarisha bodi, wakafunga bamba la chuma chini ya injini na vyuma vya kinga mbele. Walikubali kupunguza mbio ili gari lifike. Wala injini kubwa si mkosi. Mwaka 1978 Jean-Pierre Nicolas alishinda kwa Peugeot 504 ya silinda sita.

Pale Majengo, fundi aliingia chini ya lile gari kubwa. Alipotoka alieleza kwamba chesisi ilikwisha vunjika na kuungwa kwa moto, kisha ikapakwa rangi. Baba alinyamaza kitambo, halafu akamwomba aingie chini ya lile dogo pia. Hilo lilikuwa zima. Walilichukua, na fedha iliyosalia mama aliifunga kwenye kanga: karo ya watoto ilikuwa bado kulipwa.