Jani Huulizwa, Likajibu kwa Rangi

Tuseme mtaalamu amekuletea mche mdogo ndani ya kikopo, akakueleza kwamba ametia humo jeni mpya. Kwa macho, mche huo haupambanuki na wenzake. Je, utamwamini vipi?

Swali hili lilipata jibu zuri mwaka 1987, pale Richard Jefferson na wenzake, huko Cambridge nchini Uingereza, walipotangaza matumizi ya jeni ya Escherichia coli, bakteria akaaye matumboni mwetu. Jeni hiyo huamrisha kutengenezwa kwa kimeng'enya kiitwacho GUS, ambacho katika mimea mingi ni haba mno. Basi hufungamanishwa na jeni mpya, zikaingia pamoja.

Jani hulowekwa katika dawa iitwayo X-Gluc, likaachwa katika nyuzi 37, yaani joto la mwili wa binadamu. Penye kimeng'enya hutokea buluu. Kisha spiriti huondoa ukijani. Lakini rangi haisemi ni kiasi gani. Ndipo jani jingine husagwa, maji yake yakachanganywa na dawa ya MUG, ambayo ikikatwa na kimeng'enya hutoa kitu king'aacho chini ya mwanga wa urujuanimno. Kila baada ya dakika kadhaa huchotwa kidogo na kutiwa katika kabonati ya sodiamu, jamaa ya magadi ya jikoni kwako, ambayo husimamisha kazi papo hapo na kuzidisha mng'ao. Hesabu hufanywa kwa kila dakika na kwa kila miligramu ya protini. La sivyo jani nene lingelionea jani jembamba.

Hadaa ipo. Agrobacterium, bakteria atumiwaye kupeleka jeni, aweza kutoa buluu yeye mwenyewe, mche ukasifiwa bure. Kwa hiyo wataalamu walipachika ndani ya jeni kipande ambacho mmea hujua kukiondoa, bakteria hajui. Na mche usiotiwa kitu sharti upimwe sambamba.

Wala si mambo ya maabara tu. Papai la Hawaii liitwalo Rainbow, lililowafikia wakulima mwaka 1998 baada ya virusi kuangamiza mashamba ya Puna, lina jeni hiyo hiyo. Kabla Japani haijalikubali mwaka 2011, mkulima aliyetaka kuuza huko mapapai yasiyobadilishwa alipaswa kuonyesha kwamba miti yake imepimwa. Jani likigeuka buluu, mti huo ulikosa soko.