Miguu Nayo Yataka Kutunzwa

Mtaa wa Tena uko upande wa mashariki wa mji wa Nairobi, karibu na Umoja na Donholm. Kabla ya jua kuchomoza watu wake hushika njia: mafundi na vibarua huelekea viwandani, watoto huenda shule, na akina mama wauzao mboga hurauka kwenda kuchukua bidhaa zao. Wengi hupanda matatu, lakini wako pia waendao kwa miguu mwendo mrefu ili kuokoa nauli. Mtu wa namna hiyo akiulizwa ni kitu gani kimpatiacho riziki, atataja mikono yake, au elimu yake. Ni nadra ataje miguu. Na usiku, baada ya kunawa uso, miguu humwagiwa maji kidogo, ikapanguswa juu juu kwa kitambaa chochote kilicho karibu, mambo yakaisha hapo.

Chini ya kifundo cha kila mguu mna mifupa 26, nayo hubeba uzito wa mwili mzima katika kila hatua. Ngozi ya unyayo ni nene kuliko ngozi nyingine yoyote ya mwili, lakini ina tabia mbili zisizopatana. Ina vitundu vingi mno vya kutolea jasho, ila haina kabisa zile tezi zitoazo mafuta ya kuilainisha. Kwa hiyo mguu uliofungwa ndani ya kiatu siku nzima hulowa, na mguu uachwao wazi hukauka na kupasuka. Maradhi mengi madogo ya miguu hutokana na mambo hayo mawili, unyevu na ukavu, na dawa ya moja siyo dawa ya jingine.

Tuanze na unyevu. Upande wa magharibi wa Nairobi udongo ni mwekundu na hupitisha maji upesi. Upande wa mashariki, ambako ndiko Tena iliko, udongo ni mweusi, wa kunata, na maji ya mvua hukaa juu yake siku nyingi. Wakati wa mvua kubwa za mwezi wa Aprili mwaka 2024, sehemu nyingi za mji zilifurika, na watu walivuka maji yaliyochanganyika na taka za mitaro. Hata katika mwaka wa mvua za kawaida, mtu aweza kutoka nyumbani na viatu vikavu akafika kituoni na soksi zimelowa. Akishinda nazo hivyo mpaka jioni, ngozi iliyo kati ya vidole, hasa kati ya kidole cha mwisho na kile kinachokifuata, huwa nyeupe na laini, huwasha, kisha huchanika na kutoa harufu.

Huo ni ugonjwa wa kuvu, ndugu wa ule ukungu uotao juu ya mkate uliokaa siku nyingi. Hupenda mahali pa joto, pa giza na penye maji. Na ndani ya kiatu mna yote matatu. Huambukizwa kwa sakafu ya bafu litumiwalo na nyumba kadhaa, kwa taulo moja ipanguswayo na jamaa wote, na kwa soksi za kuazimana. Anayeoga katika bafu la ploti na avae malapa. Akisha kuoga, akaushe miguu kidole kwa kidole, na taulo ya miguu isiwe ile ya uso. Kukausha huku huchukua dakika moja tu, nako kwafaa kuliko poda nyingi zinazouzwa madukani. Mitaa mingi ya Eastlands hupata maji kwa zamu, na mtungi ununuliwao kwa mkokoteni si wa kuchezea. Lakini miguu haihitaji maji mengi, yahitaji sabuni kidogo na kitambaa kikavu.

Ugonjwa ukisha kuingia, duka la dawa lina krimu ya klotrimazoli, ambayo bei yake si kubwa. Kosa la watu wengi ni kuipaka siku nne au tano, wakaona mwasho umekwisha, wakaacha. Kuvu huwa haijafa, imejificha tu. Yapasa mtu aendelee kupaka kwa muda wa majuma mawili baada ya ngozi kuonekana imepona. Pia ajihadhari na zile krimu zenye steroidi ndani yake, ambazo watu huambiana kuwa zaponya kila kitu. Hizo hutuliza mwasho upesi sana, na kuvu hupata nafasi ya kuenea chini kwa chini.

Tena mpasuko mdogo wa kidoleni ni mlango. Vijidudu vya namna nyingine vikiingia hapo, mguu huvimba, huuma, huwa na joto, na mtu hushikwa na homa. Vitabu vingi husema mguu huwa mwekundu. Kwenye ngozi nyeusi wekundu huo hauonekani kwa urahisi, basi afadhali atazame uvimbe na joto kwa kulinganisha mguu mmoja na wa pili. Mwenye dalili hizo asingoje kesho, aende zahanati siku hiyo hiyo.

Ukavu huleta magaga. Miezi ya kiangazi, Januari na Februari, visigino vya wanaovaa malapa hupasuka, hasa wale wasimamao kutwa kama akina mama wa soko la Mutindwa. Wengine hukata magaga kwa wembe, jambo ambalo laonekana ni usafi lakini mara nyingi huleta damu na kidonda. Njia iliyo njema ni kuloweka miguu katika maji ya uvuguvugu kwa muda wa dakika 10 au 15, kusugua taratibu kwa jiwe la miguu, kukausha, halafu kupaka mafuta mazito ya mgando na kulala na soksi safi za pamba. Mafuta yapakwe kisigino na wayo. Yasitiwe kati ya vidole, maana huko unyevu ndio adui.

Sasa viatu. Wanunuzi wengi wa Eastlands hupata viatu vyao Gikomba au kando ya barabara, viatu vya mtumba ambavyo vilikwisha kutembezwa na mtu mwingine. Si aibu, na mara nyingi ngozi yake ni imara kuliko ya viatu vipya vya bei rahisi. Lakini kiatu kilichovaliwa hukumbuka mguu wa mwenyewe wa kwanza. Mnunuzi akitazame kwa nyuma: kama kisigino kimelika upande mmoja, kitamvuta kifundo upande huo huo. Aingize mkono ndani kutafuta msumari au mshono uliosimama. Kisha nyumbani akipanguse ndani kwa sabuni na kukianika mpaka kikauke kabisa kabla ya kukivaa.

Yafaa viatu vinunuliwe jioni, kwa sababu mguu hutanuka kidogo mchana kutwa, na kiatu kilichokaa vizuri asubuhi chaweza kubana ifikapo saa kumi. Mguu mmoja aghalabu humzidi mwenzake, basi apimie ule mkubwa, na mbele ya kidole kirefu pabaki nafasi ya upana wa kidole gumba cha mkono. Asiyeweza kwenda sokoni mwenyewe na asimame juu ya karatasi, achorwe wayo, na karatasi hiyo ikatwe na kupelekwa ikaingizwe ndani ya kiatu. Ikikunjamana, kiatu ni kidogo.

Kwa watoto wa shule wazazi hununua kiatu kikubwa ili mtoto akikulie. Nia ni njema na fedha ni chache, lakini mguu unaoteleza ndani ya kiatu hufanya malengelenge, na mtoto huanza kukivuta kama mkokoteni. Akinunuliwa kikubwa kidogo, na kitiwe kitambaa safi cha ndani na kufungwa kamba sawasawa. Kilicho kibaya zaidi ni kile kilichokwisha kuwa kidogo, ambacho mtoto hasemi kwa kuogopa kuambiwa wakati wa karo.

Askari wa usiku na wafanyakazi wa ujenzi huvaa gambuti saa nyingi. Gambuti huzuia tope, na huzuia jasho lisitoke vile vile. Mtu wa kazi hiyo achukue soksi za pili mfukoni, azibadili katikati ya zamu. Misumari ya mjengo nayo hupita soli nyembamba kwa urahisi. Kidonda cha msumari chaonekana kidogo juu, lakini ndani ni kirefu, nacho ndicho kipendwacho na pepopunda. Kioshwe kwa maji safi na sabuni, na mtu aende kuuliza juu ya sindano ya kinga. Kukipaka majivu ni kukaribisha ugonjwa.

Kwa wakaao mashambani, na kwa watoto wa Tena waendao likizo kwa babu na nyanya, yuko pia funza. Mdudu huyu hakuwa wa Afrika asili yake. Alitoka Amerika ya Kusini, na mwaka 1872 alifika Angola kwa meli iliyotoka Brazil. Toka huko akafuata njia za misafara, na kabla ya karne ya 19 kwisha alikuwa amefika Afrika Mashariki. Katika vita vya 1914 hadi 1918 aliwalemaza wapagazi wengi wa kile kikosi ambacho jina lake lilibaki Nairobi kuwa Kariokor. Katika soko la Kariokor leo mafundi hushona makubadhi ya ngozi, na huenda wanunuzi wachache tu wajua ya kuwa watu ambao mahali hapo paliitwa kwa ajili yao walikwenda vitani wengi wao wakiwa pekupeku.

Funza jike hujichimbia ngozini, akavimba mpaka kufikia ukubwa wa punje ya njegere, akamwaga mayai vumbini. Kumtoa kwa pini moja ipitishwayo kutoka mtu hadi mtu ni hatari, kwani damu yaweza kupeleka virusi vya Ukimwi na homa ya ini. Siku hizi yako mafuta ya dimetikoni ambayo, yakipakwa, humwua funza bila kuchokonoa. Na sakafu ya udongo inyunyiziwe maji kabla ya kufagiliwa.

Liko jambo moja kubwa kuliko hayo yote, nalo ni kisukari. Sukari ikizidi katika damu miaka mingi huharibu mishipa ya fahamu na ile ya damu, na mara nyingi miguu huumia mapema. Mguu hufa ganzi. Tuseme askari wa usiku mwenye kisukari aingiwa na kokoto ndani ya kiatu saa moja jioni. Mtu mwingine angevua kiatu mara moja. Yeye hasikii kitu, hutembea nayo mpaka alfajiri, na afikapo nyumbani soksi ina damu. Kwa vile hakuumwa, hudhani ni jambo dogo. Damu haifiki vizuri, kidonda hakifungi, na baada ya majuma machache aweza kuambiwa kuwa kidole, au wayo mzima, hauna budi kukatwa. Mguu wa namna hiyo ungaliweza kuokolewa siku ile ya kwanza.

Mwenye kisukari atazame miguu yake kila usiku, juu, chini na kati ya vidole, kwa kioo kidogo au kwa msaada wa mkewe au mtoto. Akung'ute viatu kabla ya kuvaa. Asitembee pekupeku hata ndani ya nyumba. Katika baridi ya mwezi wa Julai asiote miguu kwenye jiko la makaa, maana ataungua bila kujua, na maji ya kuogea ayapime kwa kiwiko. Kucha azikate moja kwa moja bila kuchimba pembeni, na kwa kifaa chake mwenyewe. Akiona lengelenge, mpasuko au rangi iliyobadilika, aende zahanati iliyo karibu au katika Hospitali ya Mama Lucy Kibaki, hata kama hasikii maumivu. Na kwa kuwa vyumba vya madaktari huwa na watu wengi na muda ni mfupi, akiisha kuketi mbele ya daktari avue viatu na soksi mwenyewe, bila kungoja kuulizwa.