Gesi ya Moto Iliyofichua Maada Giza

Makundi ya galaksi ndiyo maumbo makubwa kuliko yote ulimwenguni yanayoshikamana kwa nguvu ya mvutano. Kundi moja huweza kuwa na mamia, hata maelfu, ya galaksi, na kila galaksi kubwa ina mabilioni ya nyota. Hata hivyo, nyota zote hizo zikijumlishwa ni asilimia chache tu ya masi ya kundi zima. Gesi iliyotanda kati ya galaksi inazizidi nyota mara kadhaa, na kinachobaki, yaani zaidi ya asilimia 80, ni maada giza, ambayo hakuna chombo kilichowahi kuiona moja kwa moja. Gesi hiyo ni ya moto mkali, na kwa kuipima kutoka anga za juu wanafalaki wamepata baadhi ya ushahidi mzito kuliko wote kwamba maada giza ipo kweli.

Suala lenyewe ni la mwaka 1933. Fritz Zwicky, mwanafalaki Mswisi aliyefanya kazi California, alichunguza kasi za galaksi katika kundi la Coma, lililo umbali wa miaka ya nuru milioni 320 hivi. Galaksi zilikuwa zinakwenda mbio kupita kiasi. Kwa masi iliyoonekana, mvutano usingetosha kuzizuia, na kundi lingekuwa limesambaratika zamani. Zwicky akasema kuna maada isiyotoa nuru inayozishikilia. Kwa miongo mingi hoja yake haikutiliwa maanani. Ilianza kupata uzito katika miaka ya 1970, Vera Rubin na Kent Ford walipoonyesha kwamba hata ndani ya galaksi moja moja, nyota na gesi za pembezoni huzunguka kwa kasi kubwa kuliko inavyoruhusiwa na masi inayoonekana.

Lakini nuru ya kawaida ina mipaka yake. Gesi yenye joto la mamilioni ya nyuzi hung'aa kwa eksirei, na angahewa ya dunia huzinyonya eksirei zote kabla hazijafika ardhini. Kinga hiyo ni uhai kwetu, ila iliwanyima wanafalaki dirisha zima la ulimwengu. Tarehe 18 Juni 1962 Riccardo Giacconi na wenzake walirusha roketi ndogo kutoka New Mexico, nayo katika dakika chache ilizokaa juu ya angahewa iligundua chanzo kikali cha eksirei katika kundinyota la Nge. Dakika chache hazitoshi kuichora mbingu. Ilihitajika setilaiti.

Setilaiti hiyo ilirushwa kutoka pwani ya Kenya. Kaskazini mwa Malindi, katika bahari ya Ngomeni, Waitaliano walikuwa wamejenga jukwaa la San Marco chini ya uongozi wa Luigi Broglio. Mahali hapo pana faida mbili. Karibu na ikweta mzunguko wa dunia huisukuma roketi kwa kasi kubwa zaidi, na setilaiti inayozunguka juu ya ikweta hukwepa sehemu kubwa ya mnururisho wa anga za juu unaovuruga vipimo. Urushaji ulifanyika tarehe 12 Desemba 1970, siku Kenya ilipotimiza miaka saba tangu kupata uhuru, na kwa heshima ya wenyeji setilaiti ikaitwa Uhuru. Ilikuwa ya kwanza duniani kutengwa kwa ajili ya falaki ya eksirei peke yake.

Uhuru haikuwa na kioo wala kamera. Ilibeba vihesabio viwili vya eksirei vilivyotazama pande tofauti, ikawa inajizungusha polepole na kufagia mbingu kipande kwa kipande. Kwa zana hizo chache ilitoa orodha ya vyanzo 339. Baadhi yake vilikuwa nyota za nyutroni zinazonyonya gesi ya nyota wenza, na data zake kuhusu Cygnus X-1 zilisaidia kukitambua chanzo hicho kuwa shimo jeusi. Ugunduzi uliohusu makundi ya galaksi haukusifiwa sana wakati huo, ingawa matokeo yake yamekuwa makubwa kuliko yote: eksirei za makundi kama Coma na Perseus hazikutoka kwenye galaksi moja, zilitanda kundi zima. Setilaiti ya Uingereza, Ariel 5, iliyorushwa kutoka jukwaa lile lile mwaka 1974, ikapata katika kundi la Perseus alama ya atomu za chuma zilizopashwa joto kali. Hapo shaka ikaisha kwamba kinachong'aa ni gesi ya moto. Chuma hicho nacho kilikuwa na habari yake, kwa maana chuma hutengenezwa ndani ya nyota na kutawanywa zinapolipuka. Gesi ya kundi hubeba kumbukumbu ya nyota zilizokufa mabilioni ya miaka iliyopita.

Kutoka gesi hadi maada giza hoja ni fupi. Gesi yenye joto la nyuzi milioni 10 hadi 100 ina shinikizo la kutaka kutoroka. Kama haikutoroka, kuna mvutano unaoizuia, na mvutano huo hutokana na masi. Anayejua joto la gesi na msongamano wake kutoka kitovu hadi ukingoni anaweza kulipima kundi zima uzito. Joto husomwa kwenye nishati za eksirei, na msongamano kwenye mng'ao wake. Kwenye sehemu kubwa ya kundi gesi ni nyembamba mno, atomu elfu moja hivi kwa kila mita ya ujazo, lakini eneo lake ni pana kiasi kwamba masi yake huzipita nyota zote. Hata ikiongezwa kwenye hesabu, upungufu ule wa Zwicky unabaki pale pale.

Vipimo vya namna hiyo vinadai picha kali, na eksirei ni ngumu kukusanya. Zikipiga kioo moja kwa moja hupenya ndani yake. Hurudishwa pale tu zinapokigusa kwa pembe ndogo sana, kama kigae kilichorushwa kibapa juu ya maji. Ndiyo maana vioo vya darubini ya Chandra, iliyopelekwa angani na chombo Columbia tarehe 23 Julai 1999, vina umbo la mapipa yaliyoingizwa moja ndani ya lingine. Data zake pia haziji kama picha. Huja kama jedwali refu ambamo kila mstari ni fotoni moja, yaani chembe moja ya nuru: mahali ilipogonga kamera, wakati wake, na nishati yake. Picha hutengenezwa baadaye, na jedwali lile lile linaweza kutoa ramani ya joto, ya chuma, au ya mabadiliko ya muda.

Kazi yake mashuhuri zaidi ilitangazwa Agosti 2006. Katika kundinyota la Carina, kwenye umbali wa karibu miaka ya nuru bilioni nne, makundi mawili ya galaksi yamegongana na kupenyana. Lile dogo, kwenye picha ya Chandra, linaonekana kama risasi iliyotanguliwa na wimbi la mshtuko, na hivyo mgongano wote ukapewa jina la Kundi la Risasi. Galaksi zilipishana bila kuguswa, kwa kuwa nafasi kati yake ni kubwa. Gesi ya upande mmoja ilikumbana na gesi ya upande wa pili, ikapunguza mwendo na kubaki nyuma. Doug Clowe na wenzake wakatumia darubini za Chile pamoja na Hubble kupima jinsi nuru ya galaksi za nyuma inavyopindwa na mvutano, wakachora ramani ya masi. Kama maada giza haipo, masi nyingi ingekuwa mahali penye gesi. Haikuwapo hapo. Ilikuwa imesonga mbele pamoja na galaksi, ikipenya bila kizuizi. Wanaopendekeza kubadilisha kanuni za mvutano badala ya kukubali maada giza hawajapata jibu rahisi la picha hiyo.

Maada giza yenyewe ni kitu gani, bado haijulikani. Mwaka 2014 timu iliyoongozwa na Esra Bulbul iliunganisha data za makundi 73 kutoka darubini ya Ulaya XMM-Newton, ikaona mstari hafifu wa eksirei usiotarajiwa, ambao ungeweza kutoka kwa chembe za maada giza zinazooza. Setilaiti ya Japani, Hitomi, ilitazama kundi la Perseus mwaka 2016, kabla haijapotea, na haikuuona kwa nguvu iliyodaiwa. Dai hilo kwa sasa ni dhaifu. XRISM, mrithi wa Hitomi aliyerushwa Septemba 2023, ina kipimo cha nishati chenye ukali wa kutosha kulichunguza upya.

Wakati huohuo idadi ya vyanzo vya eksirei vinavyojulikana inaendelea kukua. Orodha ya kwanza ya darubini ya eksirei eROSITA, iliyotolewa Januari 2024, ina vyanzo karibu 900,000 katika nusu moja tu ya mbingu, yakiwemo makundi ya galaksi zaidi ya 12,000. Roketi hazirushwi tena kutoka Ngomeni, lakini antena za Malindi zimekuwa zikipokea data za darubini za eksirei Swift, NuSTAR na IXPE. Data za Chandra hatimaye hufunguliwa kwa umma, na programu ya kuzichambua hutolewa bila malipo. Mwanafunzi wa fizikia wa Nairobi, Dodoma au Bujumbura mwenye kompyuta na intaneti anaweza kupakua jedwali la fotoni za Kundi la Risasi na kuipima gesi hiyo mwenyewe.