Umebadilishiwa konea? Presha ya jicho lazima ipimwe

Kama umebadilishiwa konea, yaani kile kioo cha mbele cha jicho, ukarudi kambini ukiona vizuri, usidhani matibabu yamekwisha. Hatari inayoweza kufuata mara nyingi haiumi. Ni glakoma, ambayo wengi huiita presha ya jicho.

Ndani ya jicho kuna maji yanayotengenezwa na kutoka kila wakati. Njia yake ya kutokea iko pembeni mwa konea, si mbali na mahali daktari aliposhona. Kovu likiiziba, maji hujaa, na mshipa wa fahamu wa jicho huumia polepole. Presha ya kawaida ni kati ya 10 na 21. Uwezo wa kuona uliopotea kwa glakoma haurudi, hata kwa upasuaji.

Sababu nyingine huwachanganya wengi. Matone ya steroidi, kama deksamethasoni au predinisoloni, huzuia mwili usiikatae konea mpya. Matone hayohayo yanaweza kupandisha presha. Je, uyaache? Hapana! Ukiyaacha ghafla, konea inaweza kukataliwa. Wala usijinunulie chupa dukani ukaendelea miezi na miezi bila kupimwa. Daktari ndiye atakayepunguza au kubadilisha dawa.

Kwa hiyo usikose tarehe uliyopewa kwenye kliniki ya macho Mulago, hata kama huna shida. Tunajua safari ya Kampala ni ndefu. Omba barua ya rufaa kituoni mapema, na ubebe chupa zote za dawa, hata zilizokwisha.

Presha ikipanda, dawa inayotumika sana ni matone ya timololi. Kama una pumu au moyo wako hupiga polepole, sema kabla ya kupewa. Yanaweza kukubana kifua. Vuta kope ya chini, dondosha tone moja, fumba jicho, kisha bonyeza kona iliyo karibu na pua kwa dakika 2. Kabla ya dawa ya pili, subiri dakika 5. Usimgawie jirani. Matone yakishindwa, kuna upasuaji wa kutengeneza njia mpya ya maji.

Jicho likiwa jekundu, likiuma, likishindwa kuvumilia mwanga au likiona ukungu, fika kituoni siku hiyohiyo. Usitie dawa ya kienyeji, wala maziwa, wala mkojo.