Je, Askari Asiyetaka Vita ni Shujaa?

Mwalimu mwenzangu, huenda umewahi kusahihisha insha inayodai kwamba mhusika fulani wa riwaya ya vita si shujaa kwa kuwa alilazimishwa kupigana. Dai hili lina chimbuko. Wanafunzi wetu hukutana na ushujaa kwanza katika mighani, ambamo jagina ana nguvu zisizo za kawaida, hupigania jamii yake kwa hiari na aghalabu huuawa kwa hila, kama Fumo Liyongo. Sifa hizo zinapohamishiwa kwenye riwaya bila kupimwa, hupotosha.

Kuna pia mkanganyo wa istilahi. Mhusika mkuu ni suala la msuko: matukio humzunguka yeye. Ushujaa hupimwa kwa matendo. Mtu anaweza kuwa mhusika mkuu asiwe shujaa.

Chukua riwaya ya Abdulrazak Gurnah, Afterlives (2020), inayosawiri Vita vya Kwanza vya Dunia katika Afrika Mashariki. Imeandikwa kwa Kiingereza, lakini inatufaa. Hamza anajiunga na jeshi la Wajerumani kwa hiari, akimtoroka mfanyabiashara aliyekabidhiwa yeye kwa ajili ya deni la babake. Muda si muda anajuta. Ilyas naye anajiandikisha kwa shauku, akiwaamini Wajerumani, na miaka mingi baadaye anafia katika kambi ya mateso ya Wanazi. Kwa kipimo cha hiari, Ilyas ndiye shujaa. Hata hivyo, anayetukaa moyoni ni Hamza, aliyeuona ukatili wa jeshi kila siku, akarudi akichechemea, na ukatili huo haukumwingia. Kwa maoni yangu ushujaa wake uko hapo, wala si kwenye bunduki.

Hapa Kitui tuna mfano wa karibu zaidi. Mwaka 1917 serikali ya kikoloni iliwakusanya kwa nguvu wanaume wa Ukambani na kwingineko wawe wapagazi wa kikosi cha Carrier Corps, jina lililozaa Kariokor ya Nairobi na Kariakoo ya Dar es Salaam. Makumi ya maelfu ya wapagazi hawakurudi, na maradhi yaliwaua wengi kuliko risasi. Hakuna aliyewauliza kama wanataka. Mwanafunzi anayeandika "alilazimishwa, kwa hivyo si shujaa" anawafuta hao pia, na yamkini miongoni mwao wamo babu za babu zake.

Lakini tusigawe ushujaa kwa huruma. Kuteseka pekee si tendo. Swali la kumwuliza mwanafunzi ni hili: ndani ya kulazimishwa huko, mwandishi amemwachia mhusika nafasi gani ya kuamua? Je, anamgawia mgonjwa maji, au anampita njiani? Akiamriwa kuchoma kijiji, anafanyaje? Kutoroka nako kusihukumiwe haraka. Kunaweza kuwa woga, na kunaweza kuwa ndiyo hatua pekee ya ujasiri iliyobaki.

Darasani, wape sura moja tu ya riwaya yoyote ya vita. Kila mmoja aonyeshe mahali ambapo askari angeweza kutenda vingine, kisha aeleze kwa nini hakufanya hivyo.